Mdogo Wangu Alikubali, Mimi Nikawaambia Amekataa

Nilisema uongo kwa niaba ya mtu aliyekuwa amekaa kando yangu kabisa, goti lake likigusa goti langu. Wakati naongea alikuwa ananitazama usoni huku anatabasamu.

Hakusikia hata neno moja. Mdogo wangu ni kiziwi.

Mbele yetu kulikuwa na meza, na nyuma ya meza watu watano. Walikuwa wanasubiri neno lake moja tu ili wampe vifaa aanze kazi yake mwenyewe.

Neno alilisema. Mimi sikulifikisha.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu. Mnaotaka kunitukana, tukaneni, nimeshajitukana zaidi yenu. Ila nawaombeni msome mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni fundi makochi. Ndiyo, mwanamke. Baba alikuwa fundi, akanitia nyundo mkononi nikiwa na miaka kumi, na watu wakacheka mpaka wakachoka.

Mdogo wangu nimempita miaka sita. Alipokuwa na miaka miwili aliugua homa kali. Homa ikaondoka, na usikivu wake ukaenda nayo.

Mtaani wakamwita Kimya. Jina likamganda, hata mama akalizoea. Nami hapa nitamwita hivyohivyo, maana jina lake halisi ni lake na sina ruhusa ya kulitangaza.

Shule alikwenda siku tatu. Siku ya nne mwalimu akamwambia mama, "Mama, mtoto huyu hapa anakaa tu. Sina la kumfanyia."

Shule ya viziwi ilikuwepo, lakini mbali, ya kulala hukohuko. Mama akagoma. "Mtoto hasikii, hasemi, nimwachie nani huko?"

Basi akabaki nyumbani na mimi. Ndipo tukaanza kutengeneza lugha yetu.

Hakuna aliyetufundisha. Njaa ilikuwa hivi, baba alikuwa vile, kesho ilikuwa shavu juu ya kiganja halafu macho yanafumbuka. Tukaongeza moja leo, mbili kesho, mwaka hadi mwaka, mpaka tukawa tunasengenya majirani wakiwa wamekaa palepale.

Mama alijua nusu yake. Baba alijua ya kazini tu, nyundo, gundi, shika hapa, vuta. Mimi peke yangu ndiye niliyeijua yote.

Nilijivunia jambo hilo, na ndilo lililoniponza.

Wazazi walipofariki, tukabaki na karakana ya baba. Mimi nashona makava, Kimya anafanya mbao na sponji.

Mnajua alivyokuwa anatafuta kiungo kilicholegea? Mimi nakaa kwenye kochi nalitikisa, yeye anaweka kiganja kwenye fremu, anafumba macho. Ananionyesha: hapa. Ukifungua hapo, unakuta msumari umekula mbao mpaka tundu limepanuka. Sijawahi kumwona akikosea.

Wateja walikuwa wakiona kochi limerudi jipya wananiambia, "Dada, mikono yako ni dhahabu!" Najibu asante. Kimya anauliza wamesemaje. Namwambia wamefurahi.

Siku nyingine mteja anafoka, "Mwambie huyo bubu wako asiguse kitambaa changu na mikono ya gundi!" Namwambia Kimya, anakuomba unawe mikono. Kimya ananawa, anarudi, anampa mteja mkono. Mteja anabaki kuona aibu.

Nilikuwa najiona nina hekima. Kusema kweli nilikuwa nimezoea kukata maneno ya watu kama ninavyokata kitambaa, pembeni kidogo, hakuna anayeona.

Sasa ukaja ule mradi. Walikuwa wanatafuta vijana wenye ulemavu wenye ujuzi, wawape vifaa na mafunzo ya biashara, kila mmoja ajitegemee.

Aliyekuwa akiuongoza ni mama mmoja mwenye magongo, mkali, mcheshi, alianza maisha kwa kuuza sabuni ya maji mlango kwa mlango. Vijana walikuwa wakimwita Mama Magongo, naye anaitika.

Alikuja karakanani, akaangalia kazi ya Kimya, akapiga kochi kofi. "Huyu ndiye ninayemtaka. Mlete kwenye usaili."

Jirani yangu, fundi viatu, akanipongeza. "Mwache aende, dada. Mtegemea cha nduguye hufa maskini."

Nikacheka, lakini usemi ule ulinikera. Nilisikia kama ananiambia mimi ndiye ninayemfukarisha.

Siku ya usaili walikuwa wameleta mkalimani wa lugha ya alama, binti mpole. Akamsalimia Kimya kwa mikono. Kimya akaitazama ile mikono, akanigeukia.

Binti akajaribu tena. Wapi.

"Hajasoma lugha ya alama," akawaambia wenzake. "Ana ya nyumbani tu. Mimi siijui."

"Mimi naijua," nikasema. "Nitamsemea."

Mama Magongo akauliza swali moja. "Mwulize, tukimpa vifaa vyake, yuko tayari kusimama peke yake?"

Nikamwuliza. Swali nililifikisha vizuri kabisa.

Kimya alijibu kwa muda mrefu. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliwaonyesha mlango, akawaonyesha barabara, akanigusa bega. Nitawaambia alichosema, lakini si sasa hivi.

Mimi wakati anajibu nilikuwa naiona karakana ya baba bila yeye. Nani angebeba fremu? Nani angeweka kiganja kwenye mbao? Mama sina, baba sina, mume sina. Jioni ningeongea na nani?

Na hapohapo nikajitetea moyoni. Nikajiambia, watu watamdhulumu huyu, nani atamsikia akilia? Namlinda mdogo wangu jamani. Uongo wa kwanza nilijiambia mwenyewe.

"Anasemaje?" Mama Magongo akauliza.

"Anashukuru sana," nikasema. "Ila anasema anaogopa. Anasema bado anataka kukaa chini ya dada yake."

"Mwenyewe kasema hivyo?"

"Mwenyewe."

Wakatazamana. Mmoja akaandika. Kimya akawapungia mkono kwa furaha, anadhani wanaandika ndiyo yake.

Tulipotoka nje akaniuliza, wamesemaje? Nikamwambia, watafikiri. Alirukaruka barabarani kijana wa miaka ishirini na mbili, mpaka muuza maji akampisha.

Wiki iliyofuata akanishika mkono akanipeleka kuona chumba kimoja cha duka kilichokuwa kitupu, mitaa mitatu kutoka kwetu. Alikuwa amekipima chote kwa hatua. Alinionyesha kochi litakaa wapi, mbao zitasimama wapi.

Kila jioni akawa ananiuliza, bado? Nami najibu, bado. Nilijikaza kisabuni.

Ulipopita mwezi, nikasikia magongo mlangoni.

Mama Magongo alikuja na yule binti mkalimani. "Nimelala nalo lile jibu lake," akaniambia. "Kijana mwenye mikono ile kuogopa? Nikasema, anaogopa kwa sababu hana lugha. Basi tumpe lugha kwanza. Darasa la alama, miezi minane, asubuhi anakwenda, jioni anarudi."

Nikaanza kutafuta sababu. Kazi nyingi, wateja wanasubiri, nani atanisaidia.

Binti hakunisubiri. Alitoa simu, akamwonyesha Kimya video ya darasa. Vijana kama ishirini, wamekaa duara, mikono inapaa, wanacheka.

Kimya aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akaitazama mpaka ikaisha, akairudisha mwanzo. Kisha akamtazama binti, akajipiga kifua kwa kidole: mimi.

Mtu wa nje alikuwa amemwambia kitu bila kupitia kwangu, naye amejibu bila kupitia kwangu. Tangu azaliwe nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo.

Akaenda.

Mwezi wa kwanza alikuwa anarudi kichwa kinamuuma, analala na viatu. Mwezi wa tatu akawa anacheka peke yake anapokula. Mwezi wa tano akapata marafiki, wanapigiana simu za video, na mimi napita nyuma naona mikono siielewi hata moja.

Akaanza kusoma pia. Maneno madogo, mbao, mlango, maji, anayaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia.

Na alitaka kunifundisha, nisimsingizie. Kila tukikaa kula ananishika vidole, anavipanga, anasubiri nirudie. Mimi nasema nimechoka. Nasema kesho. Namjibu kwa mikono yetu ya zamani.

Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa. Nilijiambia lugha yetu inatosha, imetulea. Baada ya muda akaacha kunishika vidole.

Miezi minane ikaisha, akaitwa tena mbele ya wale watu watano.

Safari hii sikukaa karibu naye. Kiti cha karibu kilikuwa cha mkalimani. Mimi nilipewa kiti cha nyuma, karibu na mlango, pamoja na wazazi wa vijana wengine.

Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Wakimpa, nitafurahi na wenzangu, yale ya zamani yatajifia yenyewe.

Mama Magongo akafungua faili. "Karibu tena. Mara ya kwanza ulituambia unaogopa, unataka kukaa chini ya dada yako. Nini kimebadilika?"

Sikuwa nimelifikiria faili.

Mkalimani akamfikishia Kimya kwa mikono. Kimya akakunja uso, akaomba arudiwe. Akarudiwa.

Kisha akajibu, na binti akatoa sauti, "Sijawahi kusema hivyo."

Mtu akakohoa. Mama Magongo akasoma tena karatasi yake. "Iko hapa. Ulisemewa na dada yako."

Kimya akageuka polepole kwenye kiti, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akauliza kwa ile mikono mipya, sio yetu. Mkalimani akasema, "Dada, siku ile nilisema nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Yangu ilikuwa imechukua miezi tisa na zaidi.

Nikasimama. Nikainua mikono nimjibu mwenyewe, siri yetu ibaki yetu. Mama Magongo akagonga gongo sakafuni. "Kwa sauti, mwanangu. Sote tulikuwepo siku ile. Binti atamfikishia."

Basi nikasema.

"Alisema ndiyo. Alisema yuko tayari tangu baba alipofariki. Alisema anataka chumba ambacho mlango wake unatazama barabara, kwa sababu hasikii hodi, anataka amwone mteja akija. Alisema atamchukua kiziwi mwenzake amfundishe kazi."

"Hayo tu?"

Kimya alikuwa haangalii uso wangu, anaangalia mikono ya mkalimani.

"Alisema dada yangu macho yanamwishia kwa kushona. Alisema, kila asubuhi namtungia uzi kwenye sindano kumi, na yeye anajifanya ana haraka ili nisijue kwamba hazioni. Alisema, nikipata kazi yangu, dada atapumzika."

Mama Magongo alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Nataka mnielewe hapa. Kimya hakuwa anakumbushwa alichosema, alikuwa anakikumbuka. Alichokuwa anakiona kwenye mikono ya yule binti ni kwamba siku ile nilimwelewa, lote, mpaka la mwisho.

Angeweza kuniwazia kwamba nilikosea. Nilimnyang'anya hata hilo.

Vifaa walimpa siku hiyohiyo. Sikumbuki watu walipiga makofi au vipi.

Njiani alitangulia. Nikakimbia nikasimama mbele yake, nikaanza kuongea kwa mikono yetu, haraka haraka, huku nalia. Akanitazama usoni tu. Kisha akatia mikono mfukoni.

Anayesikia akinuna anafunga mdomo. Mdogo wangu alitia mikono mfukoni, na mpaka leo sijapata kuona mlango uliofungwa vile.

Mwisho wa wiki alihama. Alichukua randa ya baba na godoro lake. Akaniachia cherehani, meza, na karakana nzima niliyoitamani.

Nikabaki nayo. Wateja wakaanza kurudisha makochi, "Dada, linalia." Nakaa nalitikisa, naweka kiganja changu kwenye mbao, nafumba macho. Sisikii kitu.

Fundi viatu hakunisema. Alikuwa ananisalimia kwa sauti ya chini mno, ile ya msibani.

Miezi saba nilikuwa napita mtaa wa pili kukwepa mtaa wake. Mwezi wa nane nikaenda.

Ni chumba kilekile alichonionyesha. Mlango unatazama barabara. Pembeni ameweka swichi kubwa nyekundu, ukiibonyeza inawaka taa ndani, ndiyo hodi yake. Nilisimama mbele ya ile swichi muda mrefu kabla ya kuibonyeza.

Taa ikawaka. Akainua kichwa.

Alikuwa amenenepa kidogo. Nyuma yake msichana mmoja kiziwi alikuwa anakata sponji, amefunga kitambaa puani. Kwenye benchi alikaa yule binti mkalimani, ambaye siku za Jumamosi huja kusaidia wateja wakiwa wengi.

Sasa, katika lugha yetu hatukuwa na neno la samahani. Hatukulitengeneza. Utotoni tukigombana, aliyekosa alikuwa anamletea mwenzake kikombe cha maji, ugomvi umekwisha.

Nikaona mtungi kwenye kona. Nikachota maji, nikavuka chumba, nikampelekea. Mengine yakamwagika kwenye vumbi la mbao.

Alikipokea. Alikitazama kile kikombe. Akakiweka mezani bila kunywa, akamwita mkalimani kwa kichwa.

"Anasema ongea na yeye kupitia kwangu," binti akaniambia. Hakunitazama. "Anasema kwenye ile lugha yenu alikuwa na shahidi mmoja tu."

Nikafungua mdomo. Sikuwa nimewahi kuongea na mdogo wangu kwa sauti tangu akiwa mtoto mchanga. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni.

Nikasema niliyokuwa nayo. Kwamba niliogopa kubaki peke yangu nikaiita hofu hiyo yake. Kwamba sikuwa mlinzi wake, nilikuwa kufuli. Kwamba sina haki ya kuomba chochote, lakini naomba.

Mkalimani akafikisha. Kimya akafuatilia mikono yake mpaka ikatulia.

Kisha akaanza kujibu.

Alijibu kwa muda mrefu, ndugu zangu. Mikono ilikwenda juu ikarudi kifuani. Mara moja alionyesha mlango. Mara moja alinionyesha mimi, mara mbili akajionyesha mwenyewe. Kuna mahali alisimama, akafuta jicho kwa mkono wa shati, akaendelea. Yule msichana wa sponji aliacha kukata, na yeye machozi yakamtoka. Alikuwa anaelewa.

Mimi nilisimama pale natazama mikono niliyoijua tangu ilipokuwa haijui kushika kijiko. Sikuielewa hata kidogo.

Ikatulia. Nikamgeukia mkalimani.

"Anasema amekusamehe," akasema.

Nikasubiri.

"Yote yale?" nikauliza. "Alichosema chote ni hicho?"

Binti akamtazama Kimya, akanitazama mimi, akatazama chini. "Ndiyo, dada. Ndicho alichosema."

Labda ni kweli. Labda alinionea huruma, akakata pembeni kidogo. Nitajuaje? Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wanaoelewana, na haki yangu yote iko mdomoni mwa mtu mwingine, sina la kufanya ila kumwamini. Mdogo wangu aliishi hivyo na mimi miaka ishirini, na alikuwa anatabasamu.

Niliwaaga nikaondoka.

Somo sina la kuwapa watu wenye akili kuliko mimi, ila hili moja. Kama una ndugu mwenye ulemavu, na wewe ndiye mdomo wake, au miguu yake, au macho yake, usijisifu kwamba hawezi kuishi bila wewe. Mtafutie lugha, au kiti, au fimbo, au kazi ya kumfanya asikuhitaji. Akishakuwa hakuhitaji ndipo utajua kama anakupenda.

Mimi nimejiandikisha darasa la alama, Jumamosi asubuhi. Nakaa nyuma na watoto wa miaka saba wananicheka vidole vyangu vigumu. Tumefika kwenye siku za wiki.

Nikijua za kutosha nitarudi pale kwake, nitabonyeza ile taa, nimwombe arudie alichoniambia siku ile, polepole, kuanzia mwanzo.